Duka la keki, jina la Kigiriki: GLUKUS ni sahihi au nimepotoshwa?

"Habari ticha. Mi naoka keki nyumbani hapa Tanga mwaka wa nne sasa, nimepata fremu ndogo mjini nataka kufungua duka la keki na visheti, nikataka jina lenye maana ya utamu ila lisiwe la kila mtu. Mume wangu anasoma chuo cha biblia akaniletea GLUKUS, anasema kwenye kamusi yao ya Kigiriki ndo neno la utamu na liko Yakobo 3 na Ufunuo 10. Nikaingia kwenye programu ya kutafsiri ya simu ikaniletea GLYKOS, mara GLYKIA, mara GLYKO, nikachanganyikiwa. Rafiki yangu akasema weka HEDONE ndo utamu wenyewe. Shangazi ana kisukari, yeye hataki hata kusikia, anasema hayo maneno yamekaa kama glukosi ya kliniki nitafukuza wateja. Fundi wa bango anataka hela yote Jumamosi. Lipi sahihi na kwanini yako mengi hivyo? Na binti yangu anaitwa Melisa, niliambiwa nalo ni utamu, ni kweli?"

Dada, kwanza hongera kwa fremu, kutoka kuoka jikoni mpaka kulipia kodi mjini sio jambo dogo. Alafu huyo fundi mpe kidogo tu ya kumtuliza, usimpe yote kabla hujamaliza kusoma hapa, manake kwenye hayo majina uliyoniletea hakuna hata moja la uongo, yote ni Kigiriki halali, ila karibu yote hayafai kukaa juu ya mlango wako na sababu yake we unaijua tangu una miaka mitatu bila kufundishwa na mtu.

Nikuulize hivi. Mgeni akija akakwambia nifundishe kusema "tamu" kwa Kiswahili utamjibu nini? Utamuuliza tamu nini, si ndio? Keki tamu, mkate mtamu, kisheti kitamu, visheti vitamu, maembe matamu. Neno haliwezi kusimama mpaka ujue linaegemea nini. Fungua kamusi ya Kiswahili, mara nyingi utalikuta limeandikwa -tamu, na kistari mbele, kile kistari ni kamusi inakwambia hapa pana pengo, leta nomino uzibe. Kigiriki nacho kiko hivyohivyo, ila wenzetu pengo lao liko mwisho wa neno badala ya mwanzo, na kamusi zao hazina ule ustaarabu wa kuweka kistari. Zimezoea kukuwekea mbele umbo la kiume la umoja, mikia mingine kwa kifupi tu pembeni, ujijue mwenyewe. Kwahiyo mumeo hajakosea, kafungua kamusi kakuta γλυκύς (glukus) kaleta kama lilivyo. Ila ni sawa na Mgiriki aje kufungua duka Tanga, apekue kitabu akutane na neno "mtamu", aandike kwenye bango MTAMU. Mtamu nani tena? Wateja watachungulia ndani kumtafuta.

Kigiriki kina makundi matatu ya nomino, wanayaita jinsia, ya kiume, ya kike, na ya kati. Usihangaike sana na hilo neno jinsia, wewe lichukulie kama ngeli, manake meza na mlango navyo vina jinsia huko na havijawahi kuoa wala kuolewa. Divai (οἶνος) ni ya kiume, kwahiyo divai tamu ni οἶνος γλυκύς, oinos glukus. Sauti (φωνή) ni ya kike, sauti tamu ni φωνὴ γλυκεῖα, glukeia. Asali (μέλι) ni ya kati, inakuwa μέλι γλυκύ, gluku, ile s imeanguka. Umeona, mizizi ileile, mikia mitatu. Nomino zikiwa nyingi mikia inabadilika tena, glukeis, glukeiai, glukea.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza darasani, ticha kwanini ile u inageuka e ghafla, yaani gluku- alafu glukei-, hawa Wagiriki wanatuchezea? Nikamwambia andika ubaoni wa + ingi. Akaandika wengi. Nikamwambia andika ma + ino. Akaandika meno, akaanza kucheka mwenyewe. Irabu zikikutana zinasukumana, ndo maisha. Shina la hili neno lina sura mbili, gluku- na gluke-, na zamani sana hiyo ya pili ilikuwa na sauti kama w mwishoni ambayo baadae ilipotea ikaacha irabu zimebanana, ndo ukapata glukeia. Na haliko peke yake, lina ndugu wengi wanaotembea hivyohivyo, βαρύς (-zito), ταχύς (-epesi wa mwendo), ὀξύς (-kali, ndo limo ndani ya neno oksijeni), ukilijua moja umewajua wote. Mumeo akifika mtihani wa vivumishi ataniombea dua.

Sasa hayo yalikuwa ya Kigiriki cha zamani na cha Agano Jipya. Simu yako yenyewe inakupa Kigiriki cha leo, cha watu walioko Athens sasa hivi wanakunywa kahawa, na hapo ndo mlipopishana na mzee. Kwa miaka mia nyingi watu walichoka na ile mikia migumu wakairahisisha, kwahiyo leo ni γλυκός kwa kiume, γλυκιά kwa kike, γλυκό kwa kati. Simu haikukosea ilipokupa matatu, ilikuwa inakuuliza "tamu nini?" kwa namna yake ila haijui kuuliza.

Na matamshi nayo yamehama. Ile herufi υ zamani waliitamka kwa kukunja midomo kama unapiga mluzi huku ndani unasema i. Leo ni i ya kawaida tu. Ile γ zamani ilikuwa g ya gari, leo kwenye neno hili ni gh ya ghali na ghorofa, sauti ambayo wanafunzi wa Kizungu wanaihangaikia muhula mzima na mtu wa Tanga anaitoa usingizini. Kwahiyo γλυκό wanasema ghlikó, uzito mwishoni. Na kuandika glukus au glykys ni suala la nguo tu, wengine wanaihamisha υ kwa u, wengine kwa y kama Warumi walivyofanya, neno ni lile moja.

Niguse maana kidogo hapa, manake watu wengi wanaruka moja kwa moja kwenye herufi wakati utata mkubwa uko kwenye maana. Tamu yetu ni pana mno. Pilau tamu, samaki wa nazi mtamu, hadithi tamu, usingizi mtamu. Ya Kigiriki ni nyembamba zaidi kwenye chakula, inakaa upande wa sukari na asali. Hili nililijua kwa aibu. Nilikaa Thessaloniki miezi kadhaa kwa masomo, mama mwenye nyumba akanipikia dengu za supu, na vitunguu na lile jani la kiungo, bay leaf, tamu kweli, nikafurahi nikamwambia kwa kujiamini íne ghlikó, ni tamu. Yule mama akanyamaza, akachukua kijiko changu, akaonja sahani yangu, akaenda kunusa kopo la chumvi. Alidhani kamwaga sukari. Nilitakiwa kusema nóstimo, yaani ladha nzuri, na hilo neno lina asili yake ya ajabu, limetokana na kurudi nyumbani, siku ya kurejea kwao ndo ilikuwa siku nostimon kwa wahenga wao. Basi kwako wewe habari ni njema, unauza keki, ghliko inakukaa sawasawa. Ungekuwa unauza urojo ningekwambia acha.

Kuna sehemu moja lakini tunakutana nao kabisa, nayo ndo ile ya Yakobo. Sura ya 3 mstari wa 11 anauliza kama chemchemi inaweza kutoa maji matamu na maji machungu kwenye tundu moja, na wa 12 anamalizia kwamba maji ya chumvi hayawezi kutoa matamu. Anatumia τὸ γλυκύ. Mzungu akisoma pale anadhani maji yametiwa sukari, inabidi aelezwe. Mswahili wa pwani haelezwi, maji matamu ni ya kisima kizuri, yasiyo na chumvi, tunasema hivyo kila siku, na Wagiriki mpaka leo wanasema γλυκό νερό kwa maji ya mto na ziwa. Kule Kutoka 15 ambapo Musa alitupa mti kwenye maji machungu ya Mara, tafsiri ya kale ya Kigiriki inatumia kitenzi cha shina hilihili, eglukanthe, yakatamuka. Na pale Ufunuo 10 mstari wa 9 na wa 10 ni kile kitabu kidogo kilicholiwa, mdomoni kitamu kama asali, tumboni kichungu. Basi, neno lenyewe kwenye Agano Jipya lote linatokea mara nne tu, mbili Yakobo, mbili Ufunuo, na mara zote nne liko kwenye umbo la kati, gluku, bila s! Mumeo aangalie tena. GLUKUS yenye s haimo kabisa kwenye Agano Jipya, imo kwenye kamusi.

Na kama mnataka mstari wa kubandika ukutani, msije mkaweka Zaburi 34:8, ile ya onjeni mwone ya kuwa Bwana yu mwema, mkidhani ina glukus ndani kisa kuna kuonja. Kigiriki chake pale ni χρηστός, mwema, mwenye fadhili. Ya asali nenda Zaburi 119:103, maneno yako ni matamu kuliko asali, hiyo kwenye Kigiriki inayo kabisa, glukea, wingi wa umbo la kati. Kwa duka la keki siwezi kukuchagulia mstari ila huo ukipambwa vizuri unapendeza.

Hedone sasa. Rafiki yako ana nia njema ila mwambie hapana. Kuna neno ἡδύς (hedus) nalo ni -tamu, -a kupendeza, na kwa kweli upana wake unakaribia tamu yetu kuliko glukus, harufu, sauti, divai, usingizi, vyote vinaingia. Mnanaa kwa Kigiriki cha Mathayo 23:23 unaitwa heduosmon, yaani wenye harufu tamu. Tena lile neno la Kiingereza "sweet" ni ndugu wa damu wa hedus, sio wa glukus kama wengi wanavyofikiri. Ila ukilitoa hedus ukaenda kwenye nomino yake hedone umeshatoka jikoni umeingia chumba kingine. Hedone ni raha, starehe, anasa. Luka 8:14 inazitaja pamoja na miiba inayosonga mbegu, Yakobo 4 anazilaumu kwa kuleta vita kati ya watu. Duka lenye keki za kipaimara na ubatizo liitwe Anasa? Mchungaji akipita na mke wake kuchukua oda sijui utasemaje.

Na glykia nayo nikuonye palepale, manake ndo nzuri kwa sikio na najua umeipenda. Ni umbo la kike, na umbo la kike likisimama peke yake Mgiriki anaelewa mwanamke. Ghlikiá mu ni mpenzi wangu, kipenzi, wanasema kwa heshima kabisa hata bibi kwa mjukuu. Ila ukilitafsiri kichwakichwa kwa Kiswahili kwenye bango unapata "dada mtamu" na we mwenyewe unajua mtaani hilo lina maana gani. Kigiriki hakina ubaya huo, ubaya tunao sisi, lakini wateja wako ni sisi.

Shangazi naye ana hoja, nisimdharau. Kweli maneno ya kliniki yametoka ukoo huu. Glisemia ni γλυκύς kuungana na αἷμα, damu, yaani utamu kwenye damu. Glaikojeni jina alilitoa Mfaransa Claude Bernard mwaka 1857, kitu kinachozaa utamu, ile akiba ya sukari kwenye ini. Gliserini hivyohivyo, manake ukiionja ni tamu. Ila glukosi ina ujanja wake, Wafaransa walipoliunda hilo jina mwaka 1838 walichukua γλεῦκος, gleukos, ambayo ni divai mbichi tamu ya zabibu zilizokamuliwa juzijuzi, ileile ambayo watu siku ya Pentekoste walisema mitume wamelewa nayo, Matendo 2:13, mvinyo mpya. Kwahiyo kwenye glukomita ya shangazi, kile kipimo cha sukari, kuna zabibu za Yerusalemu, mwambie pengine atacheka.

Lakini jina la ugonjwa wenyewe halimo kabisa kwenye ukoo huu. Daktari akiandika diabetes mellitus, la kwanza ni Kigiriki, kitu kinachopita moja kwa moja kama bomba kwa sababu ya mkojo mwingi, na la pili ni Kilatini, wa asali. Sisi tukasema kisukari, na wala hatukuacha kula ndizi kisukari kwa ajili hiyo. Bado lakini hofu yake ya kibiashara ni ya kweli kidogo, mtu akisoma GLUKUS haraka barabarani macho yanaona glukosi, mi mwenyewe nikiandika kwenye simu inanisahihisha hivyo. Hiyo kwangu ndo sababu ya kuiacha GLUKUS, zaidi hata ya sarufi.

Melisa sio utamu, ni nyuki! Μέλισσα ni nyuki, kutoka meli, asali. Jina zuri, tena mama anaoka na binti ni nyuki, sijui unataka nini zaidi. La asali tupu watu wanalitaja Pamela, "yote asali", ila Pamela limetungwa na mshairi wa Kiingereza karne ya 16, Wagiriki hawakuwa nalo. La kwao halisi la utamu kwa mwanamke ni Γλυκερία, Ghlikería, lipo mpaka leo.

Na kabla sijaja kwenye jibu, nikumegee kitu kimoja kwa kuwa uko Tanga. Neno letu sukari tumelipata kwa Waarabu, wao wakalipata Uajemi, na kule lilitoka India. Wagiriki nao walilipata India kwa njia yao, σάκχαρι, leo wanasema ζάχαρη, záhari, na duka kama lako kwao linaitwa zaharoplastío, mahali panapofinyangwa sukari. Ule mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 ulioandikwa kwa Kigiriki, Periplus, ambao unashuka na pwani yetu hii hadi bandari ya Rhapta, unataja bidhaa zinazotoka India kwenda bandari za upande wa Somalia, mchele, samli, mafuta ya ufuta, na "asali ya matete iitwayo sakkhari". Yaani Mgiriki alivyoiona sukari hakuwa na neno, akasema ni asali, ila ya matete. Samli, sukari, ufuta, hapo mpishi wa visheti anakosa unga tu.

Haya jina. Unataka nomino, sio kivumishi, manake nomino inasimama yenyewe. Kigiriki cha zamani kina γλυκύτης, glukutes, utamu, ndo lile neno la mtini kwenye Waamuzi 9:11 kwenye tafsiri ya kale, miti ilipouomba uwe mfalme nao ukasema niuache utamu wangu? Hadithi naipenda sana ila jina ni refu na gumu, usinunulie matatizo. Kuna gliko peke yake, γλυκό, ambalo kwa kuwa ni la kati linasimama kama vile sisi tunavyosema "leta kitamu", na kwa Mgiriki wa leo maana yake ya kwanza kabisa ndo hiyo keki au kitu chochote cha sukari anachopewa mgeni. Wana mpaka ghlikó la kijiko, tunda limepikwa kwenye sukari nzito, unaletewa kijiko kimoja kwenye kisahani na glasi ya maji baridi, kazi ileile ya kashata kwenye kahawa chungu yetu. Sahihi, linafaa, ila uzito uko mwishoni na hapa kila mtu atasema GLÍko.

Ninalolipenda mimi ni GLIKA. Na hapa uzito wa sauti ndo unafanya kazi yote, kama sisi barabara ya magari na "sawa barábara" zinavyotofautiana kwa kuvuta tu. Ukivuta mwanzo, γλύκα, ghlíka, ni nomino, utamu, na mtu akiona katoto kazuri anaweza kusema hivyohivyo, ghlíka! Ukivuta mwisho, γλυκά, ghliká, ni wingi wa gliko, keki na vitamutamu. Sisi Waswahili tunavuta silabi ya pili kutoka mwisho bila kuambiwa, kwahiyo mteja wa Ngamiani ambaye hajawahi kumuona Mgiriki atasema Glíka na atakuwa amesema utamu kwa Kigiriki safi. Wachache watatia i wakasema Gilika kama gilasi, waache, hela ni ileile. Na halifanani na glukosi, shangazi alale.

Ubaya wake nikuambie pia. Hakuna mteja atakayejua maana bila kuelezwa, mwanzoni utaeleza mpaka uchoke, na kuna mtu ataunganisha na neno jingine la mtaani kwake ambalo mimi silijui. Neno kama Tamutamu au Asali lingeuza siku ya kwanza bila maelezo. Ukiniambia moyo uko nusunusu mi nitakwambia chukua la Kiswahili, ila umesema hutaki la kila mtu, na Asali ziko nyingi mno. Kabla ya chochote mwambie kijana akuangalizie kwenye mfumo wa BRELA, wale wa serikali wanaosajili majina ya biashara, kama jina halijachukuliwa, hilo sio la kubahatisha, bango unaweza kuchora upya ila jina la mwenzako lililosajiliwa litakuletea barua.

Na kwa kuwa ni bango la hela, usiniamini mimi wa kwenye maandishi peke yangu. Mumeo ana mwalimu wa Kigiriki chuoni, amwonyeshe. Ila mwambie wazi kwamba ni Kigiriki cha leo, manake waalimu wengi wa biblia wataangalia γλύκα kwenye kamusi yao ya Agano Jipya, wasiione, waseme halipo. Bora zaidi ni mtu anayekiongea. Kanisa la Orthodoksi lina mapadri waliosoma Ugiriki, Dar es Salaam wana dayosisi kamili wanayoiita Irinúpolis, mji wa amani, yaani wameitafsiri Dar es Salaam yenyewe kwa Kigiriki. Muulize padri mmoja dakika tano kwa simu, mtamkie, akikurudishia vilevile umemaliza. Na kama siku moja utataka kuchora neno hili mwilini, hapo uende ana kwa ana kwa mtu anayesoma herufi zao, nimeona mikono ya watu imeandikwa vitu vya kusikitisha.

Mwisho fundi. Kama utataka na herufi za Kigiriki chini ya jina, ni ΓΛΥΚΑ, herufi kubwa zote. Kwenye herufi kubwa Wagiriki hawaweki alama ya uzito, kwahiyo Mgiriki akipita barabara ya Tanga siku moja anaweza kusoma ghlíka, utamu, au ghliká, keki, na yote mawili yatakuwa kweli ndani ya duka. Ile ya pili Λ haina mstari katikati, sio A, simama naye akiichora manake mafundi wa bango wakiona hivyo wanadhani umesahau wanakumalizia. Na ya kwanza Γ inaangalia kulia, akiigeuza kichwa chini amekuandikia L.